Simba na Kimba: Habari za Katuni za Marekani na za Japani kwa Watazamaji wa Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapenzi wa filamu za kuchorwa wamegawanyika makundi mawili kwa muda mrefu. Wako wapendao filamu za Japani, ziitwazo anime, na wako washikao zile za Marekani, za Walt Disney na wenziwe. Na mtu apendaye zote mbili aghalabu hutakiwa ajieleze, kana kwamba ameonekana akila katika nyumba mbili zenye ugomvi. Kwa mtu wa Lundo, katika wilaya ya Nyasa iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mashtaka ya namna hiyo ni magumu hata kuyatamka. Neno alilolikuta katika Kiswahili ni moja tu, nalo ni katuni. Paka amfukuzaye panya ni katuni, na kijana wa Kijapani arushaye moto kwa viganja vyake ni katuni vilevile. Mwenye kupenda zote mbili hakupenda vitu viwili.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lina historia, na historia yenyewe ni ya lugha zaidi kuliko ya picha. Neno katuni limetoka katika Kiingereza, na Kiingereza kililipata kwa Waitalia, ambao kwao lilikuwa ni karatasi nene ya kuchorea mfano wa picha kabla ya kuitia rangi ukutani. Katika Afrika ya Mashariki neno hili lilianza kazi yake katika magazeti. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha wasomaji wa Kiswahili wa Kenya kwa miaka mingi katika gazeti la Taifa, alikuwa katuni. Na Chakubanga wa Christian Gregory, aliyetokea katika gazeti la Uhuru katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, alikuwa katuni pia. Picha zilipoanza kutembea, neno halikubadilishwa. Waandishi wengine walijaribu kibonzo, na wengine kikaragosi, na maneno hayo mawili yana wapenzi wao mpaka leo, hasa katika maandishi. Ila kikaragosi kina harufu ya mwanasesere na dhihaka, na kibonzo hakikushuka sana kutoka meza ya mhariri kwenda barazani. Watu walisema katuni, nao wanasema katuni.

Ajabu ni kwamba Wajapani nao hutumia neno lao vivyo hivyo. Anime ni kifupisho cha neno la Kiingereza walilolikopa kwa maana ya uhuishaji, na huko kwao ni jina la filamu yoyote ya kuchorwa, ya Tokyo au ya California. Mjapani aweza kuiita filamu ya Disney anime bila ya kukosea. Ni wasemaji wa Kiingereza waliolichukua neno hilo, wakalirudisha kwao na kulifinya maana, hata likawa jina la filamu za Japani peke yake. Kwa hiyo ule ugomvi wa makundi mawili ulizaliwa katika Kiingereza. Mswahili na Mjapani, kila mmoja kwa njia yake na bila ya kushauriana, walikuwa na chungu kimoja kwa mboga zote.

Miaka ya karibuni neno anime limeanza kuingia katika Kiswahili, nalo limeingia pamoja na ule mfinyo wa Kiingereza. Kwa sauti halikupata taabu, maana silabi za Kijapani, kama za Kiswahili, nyingi huishia katika irabu, na irabu zenyewe ni tano. Neno manga, yaani hadithi za picha zichapwazo vitabuni, halikuwa na bahati hiyo. Limekuta mwenyeji nyumbani. Manga ni jina la zamani la Uarabuni. Mmanga ni mtu wa Omani, na pilipili manga iko katika kila jiko. Kijana asemaye kwamba anasoma manga aweza kumfanya mzee wa pwani adhani kwamba mjukuu wake amerudi chuoni.

Ili kufahamu kwa nini katuni za nchi hizi mbili zilishikana katika vijiji vya ziwani, hapana budi kutazama njia zilizopitia. Majumba ya sinema yalijengwa mijini, ya kwanza yakiwa ya pwani na Unguja, na vijiji vilingojea gari. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema za elimu, lililokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zao zilihusu mambo ya namna ya kodi, safura na benki ya akiba ya posta. Maneno ya Kiswahili yalitiwa katika sahani za santuri, na gari lilizunguka Tanganyika na nchi za jirani. Wakuu wa sinema za ukoloni waliokuja baadaye walishika itikadi kwamba mtazamaji wa Kiafrika hafahamu hila za kamera, na kwamba apewe picha nyepesi, za polepole, zisizoruka kutoka jambo hili hadi lile. Habari iliyokuwa ikirudiwa sana ni ya watu walioonyeshwa picha kubwa ya mbu, wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa hivyo. Katuni yote ni hila. Hakuna ndani yake kitu kisichoruka, kisichovimba wala kisichokatika na kuungana tena. Wajukuu wa watu wale walizipokea bila ya kufundishwa, na mtu aweza kushuku kwamba hata ule mzaha wa mbu haukufahamika vizuri na wale waliouandika.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Tanganyika, baadaye Tanzania Bara, ilikaa bila ya televisheni mpaka mwaka 1994. Hata baada ya hapo, mwambao wa Ruvuma ulikuwa mbali na minara na mbali na umeme. Mji wa Songea wenyewe uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 tu. Basi katika vijiji vya namna ya Lundo, Liuli na Mbamba Bay picha hazikuja kwa hewa, bali kwa mkono: kanda za video kwanza, kisha sahani za DVD zilizobanwa filamu nyingi katika sahani moja, kisha flashi na kadi za simu. Mtu akienda mjini Mbinga au Songea hurushiwa filamu katika simu kama vile anavyorushiwa nyimbo, na arushaye haulizi nchi. Katika mkoba huo mmoja Tom and Jerry hukaa na Naruto. Aidha pako mahali pa kutazama kwa pamoja, paitwapo kibanda umiza. Jina lenyewe laonyesha namna watu wanavyokaa.

Hapa kuna tofauti moja ya kweli kati ya katuni za Marekani na za Japani, nayo haihusu uzuri wa michoro. Tom and Jerry, iliyoanzishwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940, karibu haina maneno. Paka na panya wake hupigana kwa muziki. Kwa sababu hiyo iliingia mahali pote, na mtoto asiyejua hata Kiswahili aliielewa sawa na mwalimu wake. Hadithi za Japani, kinyume chake, ni za maneno mengi: zina viapo, mashindano ya hoja, kumbukumbu za wazazi waliokufa, na kisa kimoja huweza kuendelea kwa mamia ya sehemu. Hizo humfikia mtazamaji kwa sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, au kwa sauti ya Kiingereza yenyewe. Katika Tanzania shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na za sekondari kwa Kiingereza. Yafuata kwamba anayeweza kuifuata anime kwa maneno yake, si kwa vita vyake tu, ni hasa yule aliyepita sekondari. Naye hakuanza hapo. Alianza na paka na panya, pamoja na wadogo zake wote, na alipojua kusoma maandishi yanayopita upesi aliongeza za Japani juu ya zile za kwanza. Ndiyo sababu neno anime lina harufu ya shule, na neno katuni ni la kila mtu. Na ndiyo sababu mpenzi wa anime wa nchi hizi haoni haya kumcheka panya. Kupenda kwake ni kwa tabaka, kama nyumba iliyoongezwa chumba. Hakuvunja cha zamani.

Mtu asiyejua Kiingereza alisaidiwa kwa ufundi mwingine. Katika vibanda vya Tanzania walitokea watu wa kufasiri filamu kwa mdomo, na aliyevuma zaidi ni Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika juu ya kanda nyingi zilizosambazwa kutoka Dar es Salaam. Uganda wanao watu wao wafanyao kazi hiyo kwa Kiganda, na Kenya vilevile kwa Kiswahili cha huko. Hawa si wakalimani wa neno kwa neno. Huongeza methali, humpa mwizi wa Hong Kong jina la mtaa wa Dar es Salaam, na pakiwa kimya hujaza. Sinema ya Japani ilianza na watu wa namna hiyo hiyo, walioitwa benshi. Walisimama kando ya picha zisizo na sauti, wakasimulia, wakaiga sauti za wanaume na wanawake, na jina la benshi aghalabu lilivuta watu kuliko jina la filamu. Katuni za kwanza za Japani, kama ile ya Jun'ichi Kouchi ya mwaka 1917 juu ya samurai na upanga wake butu, ni za zama hizo za benshi. Sauti ilipotiwa ndani ya filamu katika miaka ya 1930, benshi walikosa kazi. Katika Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kinyume: filamu zilikuja na sauti tayari, lakini sauti ya wengine, na kwa hiyo msimulizi alihitajiwa upya.

Katika mambo yote yanayounganisha katuni za nchi hizi mbili, hakuna linalogusa Kiswahili kama jina la simba.

Osamu Tezuka, ambaye Wajapani humhesabu kuwa baba wa hadithi zao za picha za siku hizi, alikuwa mpenzi mkubwa wa katuni za Marekani. Macho makubwa ya watu wake aliyachukua katika michoro ya Disney na ya ndugu Fleischer. Filamu ya Bambi, iliyotolewa Marekani mwaka 1942, aliitazama mara nyingi mno ilipofika Japani baada ya vita, na mwaka 1952 aliichora kuwa kitabu. Mwaka 1964 alikutana na Walt Disney mwenyewe katika maonyesho ya New York. Kuanzia mwaka 1950 hadi 1954 alitoa hadithi iitwayo Jungle Taitei, yaani mfalme wa msituni, inayohusu mwana-simba mweupe ambaye baba yake aliuawa na mwindaji, naye akarudi Afrika kuwatawala wanyama kwa haki. Tarehe 6 Oktoba 1965 hadithi hiyo ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani kwa rangi, katika sehemu 52, na fedha nyingine za kuitengeneza zilitoka kwa kampuni ya NBC ya Marekani.

Kwa Kijapani mwana-simba yule aliitwa Leo, neno la Kilatini. Fred Ladd, aliyeitengeneza kwa Kiingereza, alieleza baadaye kwamba walitaka kumwita Simba, wakaona kwamba neno hilo la Kiswahili limetumika mno katika biashara na haliwezi kumilikiwa na mtu mmoja. Basi walibadili herufi ya kwanza, akawa Kimba. Yafaa jambo hili likumbukwe vizuri: katika mwaka 1965 wanasheria wa Marekani walikiri, kwa njia yao, kwamba simba ni mali ya wasemaji wake.

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa The Lion King, na mwana-simba wake akaitwa Simba. Mambo yanayofanana katika kazi hizi mbili yalionekana upesi: baba aliyekufa, mfalme mwovu mwenye dosari ya jicho, nyani mzee mwenye hekima, ndege mshauri, fisi watumishi wa uovu. Tezuka alikuwa amekwisha kufa mwaka 1989. Wachoraji wa Japani zaidi ya mia nne, wakiongozwa na Machiko Satonaka, walitia sahihi barua ya kuitaka Disney imtambue. Disney ilijibu kwamba watengenezaji wake hawakuijua kazi ile, na kampuni ya Tezuka haikwenda mahakamani. Wapenzi wa pande mbili wamebishana juu ya jambo hili tangu hapo, na mengi ya mabishano hayo hayana kipimo, kwa sababu kila mmoja huhesabu mfanano anaoutaka. Linalopaswa kusemwa na mwanahistoria ni kwamba deni hili lina njia mbili. Tezuka alijifunza kwa Bambi, mwana wa mnyama aliyefiwa na mzazi na kuja kuwa mkuu wa msitu, kabla mtu yeyote hajaweza kujifunza kwa Tezuka. Aliyeanza kupenda katuni za Marekani na za Japani kwa pamoja alikuwa mtengenezaji mwenyewe.

Majina mengine ya filamu ile yastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha, maana mtazamaji wa Lundo huyasikia kwa sikio ambalo watengenezaji hawakulijua. Rafiki hana fumbo. Pumbaa, ngiri mwenye harufu, ni kitendo cha kuzubaa kilichogeuzwa kuwa jina, na huchekesha mara mbili. Sarabi, mama wa Simba, ni mazigazi, lile wimbi la hewa lionekanalo kama maji jangwani. Neno la kishairi, ambalo wengi wa wasikilizaji wa bara hulikutia hapo kwa mara ya kwanza. Mufasa na Nala hayamo katika msamiati wa Kiswahili, ijapokuwa ng'ambo husemwa kwamba ni ya Kiswahili. Yule ndugu mwovu, Scar, alipewa baadaye jina la ujana, Taka, na jina hilo limerudi katika filamu ya mwaka 2024. Laweza kuwa uchafu, na laweza kuwa mzizi wa kutaka. Kwa mtu aliyeutaka ufalme wa nduguye, maana zote mbili zafaa.

Fisi ni watatu. Wa kwanza ni Shenzi, wa pili Banzai, wa tatu Ed. Na katika majina hayo matatu Kiswahili, Kijapani na Kiingereza vimekaa katika pango moja. Banzai ni ukelele wa Kijapani wa kumtakia mtu maisha ya miaka elfu kumi. Lakini Mswahili alisikiapo humjia kubanza na kujibanza, yaani kujificha kwa kujibana penye ukuta, tabia inayompasa fisi kabisa. Ikiwa waliotoa majina walikusudia hili au lile, neno limebaki na wazazi wawili.

Shenzi ni jambo jingine. Katika Marekani ni sauti tu. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa ni neno lenye kumbukumbu. Katika karne ya 19 njia za misafara zilitoka katika nchi za ziwa hili kwenda Kilwa, na bara ya ziwa ndiyo iliyokuwa ikilisha soko la watumwa la Kilwa zaidi kuliko nchi nyingine. Watu wa pwani walijiita waungwana, na watu wa bara waliwaita washenzi. Livingstone alifika ziwani mwaka 1859. Mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja ulifanywa mwaka 1873. Misheni ya Vyuo Vikuu ilikaa Likoma mwaka 1885, ikaeneza shule katika pande zote mbili za maji. Kiswahili kilichokuja na misheni kilikuwa ni kile kile cha pwani, na neno mshenzi lilikuwamo ndani yake. Watu wa ziwa walijifunza lugha ambayo iliwahi kuwatukana, wakaifanya kuwa yao. Leo mtoto wa huko hucheka fisi aitwaye Shenzi, na babu aketiye nyuma yake huenda asicheke. Katika kazi ya kuwapa wanyama majina ya Kiafrika yenye kupendeza, hakuna aliyeuliza maswali haya, na pengine hakuna aliyejua kwamba yako.

Kuna na jambo la simba mwenyewe. Kinyanja, lugha isikikayo pande zote za ziwa, humwita mkango; Simba ni jina lake la shuleni. Tena katika ngano za nchi hizi simba si mfalme mwenye huzuni. Askofu Edward Steere wa misheni hiyo hiyo alichapisha mwaka 1870 hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa Unguja, ikiwamo ya sungura na simba, na katika hadithi za namna hiyo simba ni mwenye nguvu adanganywaye. Sungura, ambaye Wanyanja humwita kalulu, ndiye mshindi. Simba wa Tezuka na simba wa Disney ni ndugu kwa kuwa wote wawili ni wa ukoo wa wafalme wa Ulaya. Sungura wa ziwani hangekubali kuwaamkia. Lakini Jerry, panya mdogo mwenye akili amfanyaye paka mjinga, angekaribishwa mara moja, na huenda hiyo ni sababu ya pili ya kupendwa kwake, pamoja na ile ya kutosema.

Waswahili wa ng'ambo walikutana na katuni za Japani kwa mlango mwingine. Baada ya mwaka 1970 jamaa nyingi zenye asili ya Omani zilizokuwa zimekaa Unguja na pwani zilihamia Maskati, nazo zilikwenda na Kiswahili chao. Omani ilipata televisheni mwaka 1974. Katika nchi za Waarabu katuni za Japani zilifasiriwa kwa Kiarabu fasaha mapema: Grendizer, lile jitu la chuma, lilitiwa sauti Lebanoni na likaenea, na mcheza mpira Tsubasa akageuka kuwa Kapteni Majid. Kwa hiyo nyumbani lugha ilikuwa Kiswahili, na katuni ilisema Kiarabu cha vitabuni. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo alimpata Mjapani aliyekwisha kusilimu kwa jina, wakati nduguye wa Afrika ya Mashariki alimpata kwa Kiingereza.

Swali la sauti ndilo lililobaki zito. The Lion King, filamu ya Marekani yenye majina mengi ya Kiswahili, ilifunguliwa kwa wimbo wa Kizulu wa Lebo M, na ilipofasiriwa kwa lugha ya Kiafrika ilifasiriwa kwa Kizulu. Maneno hakuna matata, ambayo bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imekwisha kuyavumisha mwaka 1982 kwa ajili ya watalii, yaliombewa hati ya kumilikiwa kama alama ya biashara mwaka 1994, na Disney ilipewa hati hiyo mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi ombi la kupinga. Kile ambacho wanasheria wa Kimba walikihofia mwaka 1965, wanasheria wa Simba hawakukihofia. Baadaye, kuanzia mwaka 2016, mfululizo wa The Lion Guard ulitia hata maneno ya vijana wa Nairobi. Kiboko wake huitwa Beshte. Majina yaliongezeka, mazungumzo yakabaki ya Kiingereza.

Ilikuwa vivyo hivyo kwa Tinga Tinga Tales, iliyotolewa mwaka 2010 na kuonyeshwa katika televisheni ya watoto ya Uingereza na katika idhaa za Disney. Michoro yake ilifanywa Nairobi kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, mkoa huu huu wa Ruvuma, aliyezaliwa mwaka 1932, akaanza kuchora kwa rangi za kupakia baiskeli Dar es Salaam yapata mwaka 1968, na kufa kwa risasi mwaka 1972. Mkono wa Ruvuma ulifika duniani kote. Wanyama wake walisema Kiingereza.

Dar es Salaam ilijibu kwa kazi ndogo ya gharama ndogo. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa katika TBC1, katuni ya kufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na baadaye ikafuata Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Michoro yake haishindani na ya Tokyo wala ya California, na wapenzi wa anime huisema kwa sababu hiyo. Lakini katika kibanda ambamo Naruto hufuatwa kwa macho na Tom and Jerry kwa kicheko, hiyo ndiyo katuni ambayo mtoto wa darasa la pili humwambia mkubwa wake kilichosemwa.

Mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyo wa filamu fupi za wachoraji wa Kiafrika, akiwamo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Jina la mkusanyo ni Kizazi Moto. Ndani yake mtazamaji huona roboti, mizimu na mapigano ambayo mpenzi wa katuni za Japani huyatambua mara moja, yametengenezwa kwa fedha za Marekani na mikono ya Afrika. Jina lenyewe ni la Kiswahili.